Kigae cha "ku" kilichotupwa kapuni

Siku ya kwanza kukabidhiwa ubao wa kugusa, niliuandikia kwa kalamu ya wino usiofutika. Sikuwa na nia mbaya. Ubao ulikuwa mweupe, kalamu ilikuwa mezani, na mkono wa mwalimu ukiona ubao mweupe haungoji ruhusa. Niliandika tarehe, nikaandika kichwa cha somo, nikakipigia mstari. Darasa zima likanitazama kimya, mpaka mmoja wa mbele akasema kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba: "Mwalimu, huo si wa kuandikia hivyo."

Somo likasimama. Aliyeniokoa ni mwalimu wa darasa la jirani. Alikuja na kalamu ya kawaida ya ubao mweupe, akaandika juu ya maandishi yangu palepale, herufi juu ya herufi, kisha akafuta kwa kitambaa kikavu kabla wino haujakauka. Wino wa pili ukaondoka na wa kwanza. Mpaka leo hiyo ndiyo huduma ya kwanza ninayomfundisha kila mwalimu mgeni, kabla hata sijamwonyesha pa kuwashia.

Nafundisha Kiswahili kwa wageni, wengi wao watu wazima. Nimeifanya kazi hii mbele ya ubao wa chaki, mbele ya ubao mweupe, mbele ya karatasi zilizobandikwa ukutani kwa gundi inayoachia, na kwa miaka kadhaa sasa mbele ya huu uliounganishwa na kompyuta na projekta, ambao vitabuni unaitwa ubao shirikishi na sisi walimu, tukiwa peke yetu, tunauita smatibodi hata kama haukutengenezwa na wenye jina hilo. Nimeupenda, nikauchoka, nikauzira muhula mzima, kisha nikaurudia. Sababu zilizonirudisha hazifanani hata kidogo na zile nilizopewa siku ya mafunzo.

Siku ya mafunzo tuliambiwa kwamba wanafunzi "watashiriki". Mtoa mafunzo alilirudia neno hilo kama karani anayegonga muhuri. Alibofya, picha ikaruka. Akaburuta neno, likanasa kwenye kisanduku chake, spika zikapiga makofi. Akaburuta neno lisilofaa, likarudi lilikotoka kwa mlio wa chura aliyekanyagwa. Tulicheka, tukapiga makofi pamoja na mashine. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyekuwa akizungumza wakati huo wote. Nami sikuuliza.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Miezi miwili ya kwanza mimi na darasa langu tulikuwa na unyemi wa kutosha. Nilikuwa nakesha nikitengeneza kurasa. Kila ngeli niliipaka rangi yake: M-WA bluu, KI-VI kijani, LI-YA rangi ya machungwa, mpaka nikaishiwa rangi nilipofika PA-KU-MU. Kila mwanafunzi alitaka kuja mbele. Walipanga foleni, mmoja anaburuta neno, mashine inapiga makofi, anarudi kukaa, wa pili anainuka. Ukichungulia dirishani ungesema hapa kuna darasa changamfu kuliko yote.

Kisha siku moja niliacha simu mezani ikirekodi. Nilitaka kusikiliza matamshi ya mwanafunzi mmoja anayemeza silabi za mwisho, basi. Usiku nikakaa nikasikiliza dakika arobaini zote. Nilijisikia mimi nikieleza. Nilisikia makofi ya mashine, na yule chura. Wanafunzi nilikuwa nawasikia wakisema "hapa?", "huku?", "sawa", "ndiyo", na vicheko. Sentensi ndefu kuliko zote iliyotoka kinywani mwa mwanafunzi katika somo lile la lugha ilikuwa hii: "Mwalimu, kalamu haiandiki."

Nikairudisha nyuma, nikaisikiliza tena. Ilikuwa sentensi safi. Kikanushi kipo mahali pake, upatanisho hauna kasoro, matamshi mazuri. Na ndiyo pekee iliyosemwa na mtu aliyekuwa na jambo la kusema.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta wengine wameona nini. Mbao hizi si watoto wa jana. SMART Technologies ya Calgary, Kanada, ilitoa ubao wake wa kwanza mwaka 1991. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ya Uingereza ilimwaga fedha nyingi kuzipeleka shuleni, na Meksiko mwaka 2004 ikaanzisha mpango wa Enciclomedia uliopeleka mbao na projekta kwenye madarasa ya tano na ya sita ya shule za msingi. Kwa hiyo palikuwa na mengi ya kusoma, na mengi ya hayo yalinifariji kwa namna ya ajabu, kama mgonjwa anayeambiwa kwamba ugonjwa wake una jina.

Mwaka 2007 watafiti wa Institute of Education ya Chuo Kikuu cha London, wakiongozwa na Gemma Moss, walitoa tathmini ya mpango wa kuzieneza mbao katika shule za sekondari za London. Walitazama Kiingereza, hisabati na sayansi. Matokeo ya mitihani hayakuonyesha kwamba ubao wenyewe umewapandisha wanafunzi. Lakini kilichonigusa zaidi ni jambo dogo lililokuwa ndani ya taarifa hiyo: katika baadhi ya madarasa, hasa ya wanafunzi wanaokwenda polepole, ubao ulichelewesha somo, kwa sababu watoto walikuwa wanasubiri zamu ya kwenda kuugusa. Foleni yangu, kumbe, ilikuwa imeshaandikiwa ripoti kabla sijaipanga.

Watafiti wa Newcastle nao, katika shule za msingi, waliona kasi ya masomo ikiongezeka na kazi za vikundi zikipungua, huku ule mtindo wa kale ukibaki palepale: mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu neno moja, mwalimu anasema vizuri. Mashine mpya ilikuwa imevaa joho la mwalimu wa zamani.

Aliyenisaidia kuelewa nimekwama wapi ni Derek Glover na Dave Miller wa Chuo Kikuu cha Keele, waliowatazama walimu wengi wakiutumia ubao na kuzigawa hatua zao katika tatu. Ya kwanza, mwalimu anafundisha vilevile alivyofundisha jana, ila sasa kwa mwanga na rangi. Ya pili, ubao unaanza kuwachokoza wanafunzi wafikiri, japo mwalimu bado ana wasiwasi nao. Ya tatu, namna ya kufundisha yenyewe imebadilika, na ubao umekuwa kitu cha kufikiria nacho pamoja. Mimi nilidhani niko ya tatu kwa sababu nilijua kuburuta. Nilikuwa ya kwanza, tena nimejinyoosha.

Basi nikauzira. Nafsi ya mwalimu ikijeruhiwa hutafuta kisingizio, na changu kilikuja chenyewe pale balbu ya projekta ilipoungua na ikachukua muda mrefu kubadilishwa. Nilikata karatasi za manila vipande vidogo, nikaandika silabi na viambishi kwa mkono, nikavitia kwenye bahasha, bahasha moja kwa kila wawili. Darasa likabadilika siku hiyohiyo. Mikono yote ilikuwa kazini, na midomo pia, maana watu wawili wenye bahasha moja hawana budi kubishana. "Weka hapa." "Hapana, hiyo ni ya wingi." "Wingi gani? Ni mtu mmoja." Nilipita katikati ya madawati nikasikia Kiswahili kingi kuliko nilichokisikia miezi miwili ya makofi.

Ungedhani hadithi inaishia hapo, mwalimu amerudi kwenye karatasi na ameokoka. Nilidhani hivyo pia. Lakini karatasi nazo zina lake. Kila wawili waligundua jambo lao na likafia mezani kwao. Jozi ya dirishani ilikuwa imepata utata mzuri ajabu, jozi ya mlangoni ilikuwa imeutatua, na hawakujuana. Nilipotaka wote watazame kitu kimoja nilijikuta nimeshika kipande cha manila juu ya kichwa changu kama mwamuzi anayetoa kadi, na wa nyuma wanaumiza macho. Na kengele ilipolia, kila kitu kilirudi kwenye bahasha kikiwa vurugu. Kosa zuri la leo halikubaki hata ushahidi wake.

Balbu ilipobadilishwa, nikaunganisha vyote viwili. Bahasha zikabaki mezani, vipande vilevile nikavitengeneza kwa ukubwa kwenye ubao kama vigae vya kuburutwa, na sauti zote za mashine nikazizima. Hilo la kuzima sauti ndilo badiliko kubwa kuliko mengine na halikunigharimu chochote. Mashine ikipiga makofi, darasa linaacha kufikiri; ikilia chura, mwanafunzi anajaribu kisanduku kingine, na kingine, mpaka ipige makofi. Huko si kujifunza lugha, ni kubahatisha kwa subira. Mashine ikinyamaza, lazima mtu fulani aseme kama ni sawa au si sawa, na kwa nini.

Sasa nifike kwenye kigae cha "ku".

Hali niliyowapa ilikuwa rahisi. Rafiki yako analalamika kwamba jana hukumpigia simu, nawe unakiri. Sema neno moja. Kwenye bahasha na kwenye ubao palikuwa na vigae sita: "si", "ku", "ku", "pig", "i", "a". Kwa anayezungumza Kiswahili tangu utotoni, sikukupigia ni neno tu, linatoka mdomoni bila kusimama njiani. Kwa mgeni ni gari moshi la mabehewa sita, na mawili yamepakwa rangi moja. Na siku hiyo kweli nilikuwa nimeyapaka rangi moja, kwa uvivu.

Akaja mbele mwanafunzi mmoja, mwanamume mtaratibu sana, mpenda usafi, aina ya mtu anayenyoosha karatasi mezani kabla ya kuandika. Aliutazama ubao, akaona "ku" mbili. Kwenye programu ile ukigusa vibaya kigae kinaweza kujizalisha, na wote walishaniona nikisafisha nakala zisizotakiwa. Basi akafanya kama mwalimu wake: akaishika "ku" moja kwa ncha ya kidole, akaiburuta mpaka kona ya chini, akaitupa kwenye kapu la taka. Kisha akazipanga zilizobaki, kwa uangalifu, pasiachwe hata pengo. Sikupigia. Akarudi nyuma hatua moja, akaridhika.

Hakuna aliyepiga makofi. Mimi nikajikaza nisiseme, na niseme ukweli, kwa mwalimu hiyo ni kazi ya sulubu. Ukimya ukavuta. Kisha mama mmoja wa viti vya nyuma, ambaye kwa kawaida haongei mpaka aitwe, akauliza: "Hukumpigia nani?"

"Wewe," akajibu yule wa mbele.

"Mimi niko wapi ndani ya neno hilo?"

Ningeweza kufundisha miaka mingine ishirini nisitunge swali kama lile. Yule bwana akageuka, akalitazama neno lake upya, akimtafuta yule mama ndani yake. Akanyoosha kidole kwenye "ku" iliyobaki. "Hapa. Ku ni wewe."

"Basi jana iko wapi?" akasema mwingine. "Hiyo ku ni ya jana."

Darasa likagawanyika. Upande mmoja ulisema "ku" iliyobaki ni ya mtu, kwa hiyo wakati umetupwa kapuni. Upande wa pili ukasema ni ya wakati, kwa hiyo aliyetupwa kapuni ni rafiki. Walibishana kwa Kiswahili cha kuungaunga, wakisaidiana maneno, na kwa dakika kadhaa hakuna mkono uliogusa ubao. Ulikuwa umesimama pale kama ushahidi mahakamani.

Aliyefungua fundo ni kijana mmoja aliyeomba kigae cha "m". Akaitoa "ku" kapuni kwa kitufe cha kutengua, akazipanga zote mbili, kisha ile ya pili akaiondoa akaweka "m" mahali pake. Sikumpigia. "Yeye," akasema. "Mtu amebadilika, hii ya kwanza haikubadilika. Basi ya kwanza ni jana." Yule mama wa nyuma hakuridhika na ushahidi wa upande mmoja. Akaja mwenyewe mbele, akarudisha "ku" mbili, akaondoa ya kwanza, akaandika "ta" kwa kidole. Sitakupigia. "Sasa ni kesho, na mimi bado nipo."

Wanaisimu wana jina la walichokifanya, kubadilisha kipande kimoja huku vingine vikibaki ili kujua kila kimoja kina kazi gani. Mimi sikuwafundisha. Nilichowapa ni mahali ambapo neno linaweza kuvunjwa na kurudishwa mbele ya macho ya wote, na ambapo kukosea hakuachi doa. Kitufe cha kutengua ndicho chombo kikubwa cha darasa la lugha kwenye ubao ule, na siku ya mafunzo kilitajwa mara moja, kwa bahati mbaya, pale mtoa mafunzo alipokosea.

Kabla hatujafunga, mchokozi mmoja alikuja akaondoa kigae kidogo cha "i" na kuacha vingine. Sikukupiga. Wakapasuka vicheko, maana "i" hiyo peke yake ndiyo inayotenganisha simu na kofi. Kauli ya kutendea nilikuwa nimeipangia wiki nzima. Siku ile ilijieleza kwa kuondolewa.

Tangu hapo ninaupima ubao kwa swali moja: nani anazungumza wakati huu mwingine anapougusa? Nikiona jibu ni hakuna, nauzima, au nabadilisha kazi. Mara nyingi anayegusa huwa haamui kitu. Anakuwa mkono wa wengine. Wenzake wanamwelekeza kwa maneno, yeye anaruhusiwa kufanya kile tu alichoambiwa, hata kama anajua ni kosa. "Sogeza kushoto. Si hicho, kile kirefu. Kiweke baada ya kitenzi." Viashiria vyote vya ngeli vinatoka vinywani bila kuitwa kwa majina.

Yapo mengine machache ninayoyatumia, nayo yote yanarudi kwenye swali hilohilo. Pazia, kwa mfano. Programu nyingi za mbao zina kitambaa cha kufunika ukurasa kinachovutwa polepole kutoka upande wowote. Walimu wengi hulivuta kutoka juu kwenda chini kuficha majibu, na huko ni kucheza kibe na wanafunzi. Mimi huweka picha nzima ya mtu mlangoni, kisha navuta pazia kuanzia chini. Vinaonekana viatu tu, na kona ya sanduku. Anaondoka au amerudi? Ghafla "huenda" na "labda" na "haiwezekani" vinakuwa na kazi. Mmoja anasema viatu vina vumbi, kwa hiyo amerudi. Mwingine anasema anaondoka, sanduku liko mbele yake. Tofauti kati ya "na" na "me", ambayo kwenye jedwali hulaza watu, hapo inapiganiwa. Nimejifunza kutoliharakisha pazia. Picha ikishafunuka yote, mazungumzo hufa. Wakati mwingine kengele hulia tukiwa tumeona mpaka magotini, na naliacha hivyo.

Sauti pia. Nikimrekodi mtu akisema barabara, ile tunayopita, na barabara yenye maana ya sawasawa, wimbi la sauti linachorwa ubaoni, na tunaweza kulikata, kulirudia, kulipunguza mwendo. Mkazo ambao masikio yao yalikataa kuusikia unakuwa kitu cha kuonyeshea kidole: hapa silabi imevutwa, pale imevutwa mapema. Kwa "ng'" na "ng" picha haisaidii sana, hapo ni masikio na subira tu.

Lakini ninachokithamini kuliko vyote ni kwamba ubao hausahau. Ubao wa chaki ulikuwa unanilazimisha kufuta. Nilifuta makosa ya watu kwa dasta kana kwamba ni aibu ya kufichwa. Sasa nina ukurasa uitwao Makosa, unaokua tangu wiki ya kwanza. Sentensi zinaandikwa kama zilivyosemwa, bila majina. Kila baada ya wiki tatu nne tunaufungua. Wiki ya kwanza mtu alisema "kitabu yangu". Wakati wa kuufungua mara ya kwanza walikirukia wote: changu! Wakati huohuo wakairukia pia "rafiki yangu", ambayo ilikuwa sahihi nami nilikuwa nimeiweka kwa kuichokonoa akili, wakaigeuza kwa kishindo kuwa "rafiki wangu", kwa kuwa walishajifunza mtu wangu na mwalimu wangu. Nikahifadhi na hilo. Mara ya tatu kuufungua wakakuta alama zao wenyewe juu ya alama zao, "yangu" imekatwa, "wangu" imewekwa, na sasa wanajua urafiki una kaida yake. Walicheka kwa namna ya mtu anayeona picha yake ya zamani. Ukurasa huo una maendeleo yao kuliko mtihani wowote niliowahi kusahihisha.

Kuhusu chombo chenyewe nisiseme mengi, ila hili mwalimu wa lugha analihitaji. Mbao za zamani za kugusa zina ngozi mbili zilizoachana kidogo sana. Kidole kikibonyeza, ngozi zinagusana na kompyuta inajua wapi. Ubao wa aina hiyo ukiguswa na watu wawili kwa wakati mmoja hudhani kuna mtu mmoja amesimama katikati yao, na mstari unarukia huko. Nimeona wapenzi wa kazi za pamoja wakihangaika nao asubuhi nzima bila kujua kwa nini. Aina nyingine ina nyaya ndani na hutambua kalamu yake tu, hivyo unaweza kuegemeza kiganja. Nyingine ina miale isiyoonekana kwenye fremu, na chochote kinachoikata, hata mkono wa shati, ni kidole. Siku hizi wengi wanaletewa skrini bapa kubwa zisizohitaji projekta, zinazokubali mikono mingi, na kivuli cha mwalimu hakiangukii tena katikati ya sentensi. Kivuli nilikizoea, lakini sikitamani.

Na kama huna hata mmoja wa hizo, mwaka 2007 Johnny Chung Lee, akiwa mwanafunzi wa Carnegie Mellon, alionyesha jinsi rimoti ya mchezo wa Wii na kalamu ya mwanga usioonekana vinavyoweza kugeuza ukuta wowote wenye projekta kuwa ubao wa kugusa. OpenBoard, programu ya bure, haijali ubao wako ni wa kampuni gani. Ila ukishaiweka, zima kikagua tahajia. Cha kwangu kiliwahi kuwa hakijui Kiswahili, kikapiga mistari myekundu chini ya kila neno nililoandika, na wanafunzi wapya kwa wiki nzima walidhani wamepewa mwalimu asiyejua kuandika. Mmoja alinionea huruma waziwazi.

Yule bwana mpenda usafi bado ni mwanafunzi wangu. Wiki iliyopita alikosa somo, tulikuwa tumeahidiana anijulishe kwa simu, hakufanya hivyo. Kesho yake alinitumia ujumbe mfupi: "Mwalimu, samahani, jana sikukukupigia."

Tatu. Nikaihamishia kwenye ukurasa wa Makosa, bila jina, tuifungue baada ya wiki tatu.